Mate na afya ya kinywa kwa wanamichezo wenye ulemavu

Mate na afya ya kinywa kwa wanamichezo wenye ulemavu ni mada ya tiba ya kinywa inayogusana na tiba ya michezo. Inahusu jinsi mate yanavyolinda meno, fizi na koo la mwanamichezo mwenye ulemavu wa viungo, wa akili, wa kuona au wa aina nyingine, na jinsi ulinzi huo unavyopungua kwa sababu ya dawa, shida ya kumeza, jasho, vinywaji na hali ya hewa. Makala hii inaeleza mada hiyo kwa jumla. Mifano yake mingi inatoka Miyuji na sehemu nyingine za Dodoma, katika nyanda kavu za katikati ya Tanzania.

Ulemavu wenyewe hauozeshi meno. Mtu aliyekatwa mguu akacheza mpira kwa magongo ana tezi za mate sawa na za mchezaji mwingine yeyote. Tofauti hutokea pale ulemavu unapogusa neva za kinywa, unapohitaji dawa ya kila siku, au unapomfanya mtu ategemee mkono wa mwingine kupiga mswaki. Kwa hiyo wanamichezo wawili wa timu moja wanaweza kuwa na hatari tofauti kabisa.

Mate na kazi zake

Mate hutengenezwa na jozi tatu za tezi kubwa: zile za mbele ya masikio, za chini ya taya na za chini ya ulimi, pamoja na mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa kwenye midomo, mashavu na kaakaa. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Akiwa ametulia bila kutafuna, mate hutoka kwa kiasi cha mililita 0.3 hadi 0.4 kwa dakika. Akitafuna hufika mililita 1 hadi 2 au zaidi. Yakishuka chini ya mililita 0.1 kwa dakika katika hali ya utulivu, wataalamu huhesabu kwamba kinywa hicho ni kikavu. Usiku, wakati wa usingizi, mate karibu hukoma, na ndiyo sababu mswaki wa kabla ya kulala una uzito kuliko mwingine wote.

Karibu asilimia 99 ya mate ni maji, lakini kazi kubwa inafanywa na ile sehemu ndogo iliyobaki. Bikaboneti hupunguza asidi. Kalsiamu na fosfeti hurudisha madini yaliyotoka kwenye enameli, yaani gamba gumu la nje la jino. Amilesi huanza kumeng'enya wanga, na utelezi wa mate hulainisha chakula kimezwe bila kukwaruza. Kingamwili, hasa ile inayoitwa imunoglobulini A, huzuia vijidudu visishike kwenye utando wa kinywa na koo.

Katika miaka ya 1940 mtafiti Mmarekani Robert Stephan alionyesha kwamba kiwango cha pH katika ukoga wa meno hushuka ndani ya dakika chache baada ya mtu kupata sukari, kisha hupanda tena polepole. Enameli huanza kupoteza madini pH ikishuka chini ya takriban 5.5. Ni mate yanayoinua pH tena, na kwa kawaida huchukua nusu saa hadi saa nzima. Anayekunywa soda kwa mkupuo mmoja hulipa gharama hiyo mara moja. Anayeinyonya kidogo kidogo mazoezi yote ya saa mbili huyafanya mate yaanze kazi upya kila mara. Mwenye mate machache huchelewa zaidi kurudi kwenye hali ya kawaida, na hapo ndipo jino hutoboka.

Mate wakati wa mazoezi

Mazoezi makali hupunguza maji ya mate kwa njia tatu zinazokutana. Mwili hupoteza maji kwa jasho. Mwanamichezo huhema kwa mdomo, na hewa hukausha utando. Na mfumo wa neva unaouandaa mwili kwa mapambano hufanya mate yawe machache, mazito na yenye protini nyingi. Kila mkimbiaji anaijua ladha ya mate mazito ya kilomita za mwisho. Upungufu huo ni wa muda na hurekebika kwa maji na mapumziko. Huwa tatizo pale unaporudiwa kila siku, na kila mara ukafuatwa na kinywaji chenye sukari na asidi.

Kwamba wanamichezo wa ngazi ya juu hawana meno bora kuliko watu wengine kulionekana wazi kwenye Olimpiki ya London ya 2012. Watafiti waliwachunguza wanamichezo 302 waliofika kliniki ya meno ya kijiji cha michezo, wengi wao wakitoka Afrika, Amerika na Ulaya. Asilimia 55 walikuwa na meno yaliyotoboka, asilimia 45 walikuwa na meno yaliyolika kwa asidi, na asilimia 76 walikuwa na uvimbe wa fizi. Asilimia 18 walisema hali ya kinywa iliathiri mazoezi au ushindani wao. Hao hawakuwa wanamichezo wa Paralimpiki, tena walikuwa watu waliokwenda kliniki wenyewe, hivyo takwimu hizo haziwezi kuhamishwa moja kwa moja kwa wengine. Hata hivyo zinatosha kuvunja dhana kwamba mwili wenye nguvu una kinywa chenye afya.

Majeraha ya uti wa mgongo

Wanamichezo wa viti mwendo waliojeruhiwa uti wa mgongo ndio wanaoonyesha vizuri zaidi uhusiano wa neva, dawa na mate. Amri kuu ya kutoa mate ya majimaji hutoka kwenye shina la ubongo na kupita katika neva ya 7 na ya 9 za fuvu. Neva hizo hazipiti kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo jeraha la shingo haliziharibu. Amri ya pili, ile ya mfumo wa mapambano, hupitia sehemu ya juu ya uti wa mgongo wa kifua, nayo hukatika jeraha likiwa shingoni. Hivyo mwenye jeraha la shingo huendelea kutoa mate, ingawa mabadiliko yake wakati wa mazoezi si lazima yafanane na ya mchezaji aliyeumia kiunoni.

Ukavu wa kinywa kwa wanamichezo hawa mara nyingi huletwa na kidonge. Kibofu kilichopoteza udhibiti hutulizwa kwa dawa kama oksibutinini, ambayo huzuia asetilikolini, kemikali inayokiamuru kibofu kijikaze. Kemikali hiyohiyo ndiyo inayoziamuru tezi za mate. Dawa haiwezi kuchagua: inatuliza kibofu na kukausha kinywa kwa pamoja. Mwanamichezo anayelalamika kwamba ulimi unagandamana na kaakaa hapaswi kuacha dawa kwa uamuzi wake, maana kibofu kisichotulizwa kinaweza kuharibu figo. Anapaswa kumweleza daktari, ambaye anaweza kubadili kipimo au aina ya dawa.

Kuna sababu nyingine isiyoandikwa kwenye cheti chochote: kujinyima maji kwa makusudi. Mtu wa kiti mwendo anayejua kwamba uwanjani hakuna choo anachoweza kuingia, au kwamba basi la kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, safari ya takriban kilomita 450, halitasimama mahali panapomfaa, huacha kunywa tangu asubuhi. Anafika mashindanoni akiwa na kinywa kikavu na mwili usio na maji ya kutosha, wakati mwili wake tayari una shida ya kutoa jasho chini ya jeraha. Katika hali kama hiyo mlango wa choo wenye upana wa kutosha ni sehemu ya afya ya kinywa, hata kama hakuna daktari wa meno atakayeuandika kwenye karatasi ya dawa.

Kwenye kiti cha daktari wa meno, mwenye jeraha la juu ya kifua ahakikishe kibofu kimetolewa mkojo kabla ya kuanza. Kibofu kilichojaa kinaweza kuchochea shinikizo la damu kupanda ghafla kwa kiwango cha hatari, naye akadhani ni hofu ya sindano tu.

Mtindio wa ubongo na udenda

Kwa watu wenye mtindio wa ubongo picha hugeuka: mate huonekana kuwa mengi mno. Udenda unaolowesha kidevu na kola ya jezi huwafanya watu wadhani tezi zinatoa kupita kiasi. Kwa kawaida kiasi ni kilekile. Kinachokosekana ni mpangilio wa midomo, ulimi na koo wa kuyameza mara kwa mara bila kufikiri. Mchezaji wa bocia, mchezo wa mipira ya ngozi ulioingia Paralimpiki mwaka 1984, anaweza kutokwa na udenda zaidi anapoinama kulenga au anapoweka akili yake yote kwenye mpira.

Udenda unaotoka nje ni mate yaliyopotea. Meno ya mbele yanaweza kuwa makavu huku kidevu kikiwa kimelowa, ngozi ya pembe za mdomo ikachubuka, na maji ya mwili yakapungua. Kuna dawa zinazopunguza udenda, kama benzheksoli au sindano ya sumu ya botulinamu kwenye tezi, lakini zikizidi humtoa mtu kwenye udenda na kumwingiza kwenye ukavu. Mazoezi ya kufunga midomo na kumeza, mkao mzuri wa kichwa na kitambaa safi huanza kwanza. Jambo moja linahitaji kusemwa bila kuficha: kumtenga mtoto na mchezo kwa sababu ya udenda hakuna msingi wowote wa kiafya.

Wengi wenye hali hii pia husaga meno, hasa usiku, mpaka vichwa vya meno vinakuwa bapa. Wenye kifafa wanaotumia fenitoini kwa muda mrefu wanaweza kuota fizi nene zinazofunika sehemu ya meno. Usafi mzuri hupunguza uvimbe huo ingawa hauuondoi wote.

Ulemavu wa akili

Watu wenye sindromu ya Down hupata magonjwa ya fizi mapema na kwa ukali kuliko wengine, wakati kutoboka kwa meno mara nyingi si kwingi sana. Meno yao huchelewa kuota, mengine hayaoti kabisa, na wengi hupumulia mdomoni, jambo linalokausha fizi za mbele. Kati ya asilimia 40 na 50 huzaliwa na kasoro ya moyo. Kwa baadhi yao bakteria wanaoingia kwenye damu kutoka fizi zinazovuja wanaweza kushambulia moyo, na mganga wa meno anahitaji kuambiwa habari za moyo kabla ya kung'oa jino. Shingo nayo iangaliwe, kwani pingili mbili za juu zinaweza kuwa legevu. Kichwa kisivutwe nyuma kwa nguvu.

Hatari kubwa zaidi kwa kundi hili ni ukimya. Kijana asiyeweza kusema kwamba jino linamuuma huonyesha kwa njia nyingine: anaacha kutafuna upande mmoja, anajipiga shavuni, halali, anasukuma mkono wa mwalimu, anakataa kukimbia mchezo alioupenda wiki iliyopita. Akionekana mkaidi, ataadhibiwa au kuachwa kwenye timu, na jipu la jino litaendelea kukua. Mabadiliko ya ghafla ya tabia kwa mwanamichezo asiyezungumza yachukuliwe kwanza kuwa maumivu, na kinywa kiwe kati ya sehemu za mwanzo kuangaliwa.

Miyuji na nyanda za Dodoma

Miyuji ni kata ya Jiji la Dodoma, upande wa kaskazini wa katikati ya mji. Katika eneo hilo kuna makao ya watoto wenye ulemavu yanayojulikana kama Cheshire Home. Mkoa wa Dodoma una historia ndefu katika elimu ya watu wenye ulemavu: shule ya wasioona ya Buigiri, katika Wilaya ya Chamwino, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950 na huhesabiwa kuwa mwanzo wa elimu maalumu nchini. Hospitali ya Mirembe, mjini Dodoma, ni hospitali kubwa ya afya ya akili, na dawa nyingi za tiba hiyo hukausha kinywa vilevile.

Hali ya hewa huongeza mzigo. Dodoma iko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni kati ya milimita 500 na 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya upepo, vumbi na hewa kavu. Anayehema kwa mdomo kwenye kiwanja cha vumbi mwezi Septemba hukauka kinywa haraka kuliko anayecheza Tanga, hata kama wote wamekunywa maji sawasawa.

Kwa wenye ualbino jua hilo ni hatari kwa midomo pia. Mdomo wa chini hupasuka, hupata vidonda visivyopona, na baadaye unaweza kupata saratani. Mwanamichezo mwenye ualbino, ambaye mara nyingi hushindana katika madaraja ya uoni hafifu, anahitaji kofia pana na mafuta ya kuzuia jua kwenye midomo, si kwenye mikono na uso tu. Mafuta ya Kilisun, yanayotengenezwa KCMC mjini Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, yanafahamika na wengi.

Maji ya visima ni suala la pekee. Katika sehemu za bonde la ufa na nyanda za kati baadhi ya visima vina madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake yanajengwa hupata madoa meupe au ya kahawia. Madoa hayo si uchafu wala hayaondoki kwa kusugua, na jino lenye madoa si lazima liwe limeoza. Kwa upande mwingine, floridi kidogo inayobaki kwenye mate huisaidia enameli kupata madini tena na kuifanya istahimili asidi zaidi. Hivyo ushauri wa dawa ya meno yenye floridi unabaki palepale kwa mtu mzima; kwa mtoto mdogo wa eneo lenye floridi nyingi kiasi kiwe kidogo sana na afundishwe kutema.

Vyakula vya Dodoma vina pande zote mbili. Mlenda pamoja na ugali wa uwele au mtama humezwa kwa urahisi na mwenye kinywa kikavu. Karanga zinazolimwa mkoani ni kitafunwa kizuri kati ya mazoezi kwa anayeweza kutafuna bila kupaliwa. Ubuyu uliokolezwa sukari na rangi, juisi ya ukwaju na zabibu kavu ni habari nyingine. Uchachu huchochea mate, ni kweli, na ndiyo maana mwenye ukavu huvipenda. Lakini asidi ikikutana na sukari inayoganda kwenye meno yasiyooshwa na mate, jino halina mtetezi. Vinafaa kuliwa pamoja na mlo. Kuvimumunya mchana kutwa ndiko kunakoharibu.

Ajali za meno

Baadhi ya meno ya wanamichezo hupotea kwa pigo la ghafla bila kuoza kamwe. Katika Paralimpiki ya London 2012 mpira wa miguu wa wasioona ulikuwa na majeruhi wengi kuliko michezo mingine, wastani wa majeraha 22.4 kwa kila siku 1,000 za mwanamichezo, kwa kuhesabu majeraha ya mwili mzima. Wachezaji hugongana vichwa kwa sababu hawaonani. Mpira wa miguu kwa waliokatwa viungo, ambao umepata umaarufu Tanzania kupitia timu ya taifa ya Tembo Warriors iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki mwaka 2022, una hatari yake: mchezaji anayeanguka na magongo hana mkono huru wa kukinga uso.

Kinga ya meno ya mpira hupunguza madhara, ila mwenye udenda au shida ya kupumua kwa pua anahitaji iliyotengenezwa kwa kipimo cha kinywa chake. Jino la utu uzima liking'oka zima lishikwe kwa upande wa kichwa, lisuuzwe kidogo bila kusuguliwa na kurudishwa mahali pake mara moja. Ikishindikana, au ikiwa mtu anaweza kulimeza, liwekwe kwenye maziwa na mgonjwa apelekwe kwa daktari ndani ya saa moja. Jino la utoto halirudishwi.

Uchunguzi na upimaji

Olimpiki Maalumu, vuguvugu la michezo la watu wenye ulemavu wa akili lililoanzishwa na Eunice Kennedy Shriver mjini Chicago mwaka 1968, lina mpango wa uchunguzi wa meno unaoitwa Special Smiles. Ulianzishwa mwaka 1993 na daktari wa meno Steven Perlman wa Marekani. Kwenye mashindano, wanamichezo huchunguzwa kinywa, hufundishwa kupiga mswaki na huelekezwa kwa matibabu. Udhaifu wa uchunguzi wa aina hii ni kwamba hauzibi jino. Karatasi inayosema mtoto ana meno mawili ya kuzibwa haina faida kama kituo cha afya cha karibu kinang'oa tu, au kama mlezi hana nauli ya kumfikisha hospitali kubwa.

Kupima mate hakuhitaji mashine. Mtu hukaa ameinamisha kichwa bila kuzungumza wala kutafuna, akiacha mate yadondoke kwenye kikombe kwa dakika tano. Kiasi hugawanywa kwa tano. Asile wala kupiga mswaki kwa angalau saa moja kabla. Kwa mwenye mtindio wa ubongo kipimo hiki hudanganya, kwa sababu sehemu ya mate hutoka nje ya kikombe au humezwa bila kujua. Mate hutumika pia kupima imunoglobulini A na homoni ya kotisoli kwa wanamichezo, wakiwemo wa viti mwendo, kwa kuwa hayahitaji sindano. Kotisoli hubadilika kwa saa za siku, hivyo vipimo vya asubuhi visilinganishwe na vya jioni.

Matunzo ya kila siku

Maji ndiyo kinywaji cha mazoezi ya kawaida ya chini ya saa moja. Mazoezi yakiwa marefu na kinywaji chenye sukari kikahitajika, kinywewe kwa vipindi, kisha kinywa kisuuzwe kwa maji. Mswaki usipigwe papo hapo baada ya kinywaji chenye asidi. Nusu saa inatosha kuyapa mate nafasi. Mwenye ukavu unaotokana na dawa anaweza kutafuna jojo isiyo na sukari akiwa hana shida ya kumeza.

Mswaki wa mti, hasa wa msuaki unaoota kwenye nyika kavu, husafisha vizuri ukitumiwa kwa uangalifu, lakini unahitaji vidole vyenye uwezo na hauna floridi ya kutosha. Kwa mwenye mikono dhaifu, mpini wa mswaki wa dukani unaweza kunenepeshwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli au kupitishwa katikati ya mpira mdogo uliotobolewa. Mlezi anayempigia mwingine mswaki asimame nyuma yake, ategemeze kichwa kifuani mwake na kuinua mdomo kwa kidole, akianzia pembeni mwa meno ya juu. Mtu asilazwe chali, maana anaweza kupaliwa na mate yake. Dawa ya maji ya watoto yenye sukari, kama ile ya kifafa, itolewe kabla ya mswaki wa usiku, isiwe baada yake.